U0184: radio mbili, kodi ile ile

Gari iliingia na radio ndani ya mfuko. Radio original iko kwenye mfuko kiti cha nyuma, kwenye dashibodi kuna radio nyingine ya mtumba imefungwa, na mwenye gari anasema zote mbili mbovu. Nikamuuliza nani kakwambia hii ya kwanza ni mbovu, akasema fundi aliyetangulia aliweka skana, mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu, ikatoka U0184, akapima umeme akaukuta upo, akapima waya zikawa nzima, basi ikabaki radio tu. Wakatafuta nyingine ya gari kama hilo hilo wakafunga, ikakaa siku mbili, siku ya tatu skrini nyeusi na kodi imerudi ile ile.

Simsemi vibaya yule fundi kwa sababu mimi mwenyewe nusu nipite njia hiyo hiyo, nitaonyesha wapi. Jina la kampuni ya gari naliacha, haina maana hapa, kisa hiki kinaweza kutokea kwenye gari lolote ambalo radio yake inaongea na wenzake kwenye mtandao wa waya wa gari.

Kwanza tuelewane hii kodi inasema nini, maana naona watu wanaisoma kama hukumu. Herufi U ni kundi la mawasiliano, yaani shida iko kwenye kuongea kati ya kontroli boksi moja, yaani kompyuta ndogo ya gari, na nyingine, sio sensa ya injini wala nini. Sifuri inayofuata maana yake ni kodi ya wote, imepangwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari, haibadiliki maana kutoka kampuni hadi kampuni. 0184 ni mawasiliano na radio yamepotea. Basi, imeishia hapo. Haijasema radio imekufa. Na kitu ambacho wengi hawakitilii maanani ni kwamba radio sio iliyoandika hiyo kodi, wameandika wengine. Ni kama mwalimu anaita majina darasani, anafika kwa Radio, kimya, anaweka alama hayupo. Mwalimu hajui kama mtoto anaumwa, kahama, au yuko mlangoni kafungiwa nje. Kwenye gari kila kontroli boksi inatuma ujumbe wake kwa vipindi, wenzake wameuzoea, ukikosekana kwa muda uliopangwa wanaandika U na namba ya aliyekosekana. U0100 ni injini, U0121 ni breki za ABS, U0140 ni boksi la bodi, lile la taa na milango, U0184 ni radio, utaratibu ni ule ule.

Kwa hiyo swali la kwanza sio radio ina nini. Swali la kwanza ni nani kalalamika, na wangapi.

Nikaskani gari lote, sio injini peke yake. Tafadhali sana hapa, skana ndogo inayosoma injini tu haitakusaidia kwenye hii kazi, unahitaji inayoingia kwenye kila boksi. Waliolalamika walikuwa watatu: klasta ya dashibodi, yaani ile yenye geji mbele ya dereva, boksi la bodi na kontroli ya AC. Wote watatu wanamtaja radio, na hakuna anayemlalamikia mwenzake. Radio yenyewe ukiiita kwa skana haijibu. Hapo tayari umeshapata kitu kikubwa bila kufungua hata skrubu moja. Klasta na AC wako njia moja ya mtandao na radio na wanaongea vizuri, kwa hiyo njia kuu ya mtandao iko hai. Ungekuta kila mtu anamlalamikia kila mtu, hapo ungetafuta shoti kwenye waya wa mtandao au boksi moja linalopiga kelele na kuziba njia. Ungekuta AC peke yake ndio inasema radio haipo na wengine wanaiona, ungemshuku AC mwenyewe kabla ya radio. Sasa watatu wanamkosa mmoja, shida iko kwa huyo mmoja au kwenye tawi linaloenda kwake, na tawi nahesabu vyote, waya mbili za mtandao, umeme wa kudumu, waya wa kumuamsha, na hasi, yaani gaundi.

Sasa kosa langu. Nikachomoa betri, nikasubiri boksi zilale, nikaweka multimeta, kipimo cha umeme, kwenye tundu la OBD chini ya usukani, lile la kuchomekea skana, pini 6 na pini 14, nikapata ukinzani wa ohm 60. Nikafurahi. Ohm 60 ndio inayotakiwa kwa sababu mtandao wa CAN, ule wa waya mbili ambao boksi zinaongelea, una rizista mbili za ohm 120, moja kila mwisho wa njia, ukipima kwa pamoja unapata nusu. Ukipata 120 mwisho mmoja umekatika, ukipata karibu na sifuri waya zimegusana. Nikasema waya nzima, tusonge mbele. Nikakaa kama dakika kumi nzima nikiwa na hiyo furaha ya bure ndio nikafungua mchoro wa waya wa gari lile nikaona radio wala haiko kwenye hizo pini. Ile 6 na 14 ni mtandao wa kasi wa injini na breki. Tumezizoea mno kwa sababu kuanzia modeli za 2008 gari ndogo zote zinazouzwa Marekani lazima vipimo vya injini vipitie CAN, kwenye hizo pini mbili, kwa hiyo mkono unaenda wenyewe. Lakini sheria ile haijali radio. Kwenye gari hili radio, klasta na AC walikuwa kwenye mtandao wa pili wa mwendo wa wastani, pini 3 na 11, na boksi la bodi ndio linaunganisha mitandao yote miwili. Usiende ukakariri 3 na 11, gari lingine mtandao wa radio hautoki kabisa kwenye tundu la OBD, na kuna gari zinazotumia waya mmoja tu kwa kazi hiyo. Mchoro kwanza. Nikarudia 3 na 11, ohm 61, safi. Nikarudisha betri, nikawasha swichi, waya mmoja volti 2.6 na mwingine 2.4, jumla inakaribia 5, ndivyo inavyotakiwa ukipima kwa multimeta ya kawaida mtandao ukiwa unaongea.

Nikang'oa ile radio ya mtumba. Hii nayo ilikuwa na mambo yake, ilikuwa inataka namba ya siri kwa sababu ilijijua iko kwenye gari lisilo lake, kwa hiyo hata kama kosa lingekuwa radio kweli, ile isingekuwa dawa. Watu wanasahau kwamba radio nyingi za siku hizi zinahifadhi namba ya chesisi, sio kama zamani unachomeka plagi unapiga muziki.

Nikachomeka ile ya kwenye mfuko. Ikawaka. Mwenye gari akanikodolea macho kama nimefanya mazingaombwe. Sijafanya kitu, ndio ubaya wa matatizo ya kuja na kuondoka, ukilishika tu linapona. Ila mimi nilikuwa nasubiri hiyo nafasi, kwa sababu radio ikiwa macho unaweza kuiuliza yenyewe. Wote walioskani gari hili kabla waliskani radio ikiwa imekufa, wakapata malalamiko ya majirani tu, hakuna aliyewahi kusikia upande wa mtuhumiwa. Nikaingia kwenye radio kwa skana na nikakuta kodi moja imehifadhiwa humo, U3003, umeme wa betri, na maelezo yake volti iko chini ya kiwango.

Nikarudi kwenye boksi la bodi nikafungua kumbukumbu zilizohifadhiwa wakati U0184 inaandikwa. Boksi nyingi zinahifadhi hali ya gari wakati ule, spidi, volti na kadhalika. Volti ilikuwa 14.2. Sasa weka hizi mbili pamoja. Boksi la bodi linasema muda ule gari lilikuwa na volti 14.2, alternata inachaji vizuri kabisa, na radio inasema mimi nilikuwa na njaa. Gari moja, betri moja. Kwa hiyo chakula kipo jikoni ila hakifiki mezani, kinapotelea njiani kati ya betri na radio, na hilo halina uhusiano wowote na radio kuwa mbovu.

Hapo nikamkalisha mwenye gari.

"Bosi, ikizima huwa unafanya nini?"

"Sifanyi kitu, naendesha tu."

"Muziki upo?"

"Upo."

"Wa juu au wa chini?"

Akanyamaza kidogo. "Sasa unavyosema... nikiwa naongea na simu kwa radio haijawahi kuzima. Inazima nikipandisha, hasa nyimbo zenye besi."

Miezi yote hiyo anazunguka na gari hajawahi kumwambia mtu hilo, na sio kosa lake, hakuna aliyemuuliza. Mimi sasa hivi swali la nini kinatokea sekunde kumi kabla ya shida nauliza kabla hata sijachomeka skana, na hii gari ndio iliyonifundisha.

Nikaanza kuvuta radio nje niifikie plagi yake kwa nyuma, muziki ukiwa unaendelea kwa sauti ya kawaida tu. Waya wa antena ulikuwa mfupi unanizuia, nikauchomoa. Radio ikazima. Pu. Nikaurudisha, baada ya sekunde kama ishirini hivi nembo ikaonekana, ikawaka. Nikauchomoa tena, ikazima tena. Nikarudia mara ya tatu kwa sababu siamini, ikafanya vile vile.

Fikiria hapo. Antena haileti umeme wa kuwasha radio. Antena inaleta mawimbi, basi. Lakini ule waya una kitu kimoja, nje ya waya wa katikati kuna nyavu ya chuma inayozunguka, na ile nyavu mwisho wake wa pili imefungwa kwenye bati la gari. Bati la gari ni hasi. Kwa hiyo nilipochomoa antena niliondoa njia ya hasi, na radio ikafa, maana yake ile ndio njia iliyokuwa inaibeba. Waya wake halali wa hasi ulikuwa haufanyi kazi au unafanya nusu nusu, na umeme wenyewe ukajitafutia pa kupita. Nilitamani kucheka. Kodi ya mawasiliano, watu wamepima CAN, wamenunua radio ya pili, na jibu linatoka kwenye waya wa antena.

Ila kujua sio kuthibitisha, na hapa ndipo pale fundi wa kwanza alipoanguka, kwa hiyo nitapaeleza taratibu.

Nikachomoa plagi ya radio. Nikaweka multimeta kati ya pini ya umeme wa kudumu na pini ya hasi kwenye plagi: volti 12.4. Sawa na betri. Ukiishia hapo unaandika umeme upo na hasi ipo. Nikapima ohm za waya wa hasi hadi kwenye bodi ya gari, 0.6 ukitoa ohm za waya za kipimo chenyewe. Sifuri nukta sita, nani ataisumbukia? Inaonekana kama hakuna kitu. Sasa tatizo la multimeta ni kwamba yenyewe hainywi umeme, inaonja tu. Ndani yake ina ukinzani wa karibu ohm milioni 10, mkondo inaouvuta ni kama haupo, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya thelathini utakuonyesha volti 12.4 kamili bila aibu. Ni kama bomba lililoziba, ukilifunga mbele presha inasoma vizuri, fungua sasa ujaze ndoo uone.

Kwa hiyo nikafungua ndoo. Nikachukua balbu ya taa kubwa, wati 55, nikaiunga kwenye zile pini mbili za plagi, umeme na hasi, ikae mahali pa radio ivute kama ampea 4. Balbu ikawaka ya njano, imechoka. Nikapima juu ya balbu, volti 9.0. Betri ile ile bado 12.4. Zimepotea 3.4, ziko wapi? Multimeta, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya umeme ya plagi, balbu ikiwa inawaka: 0.3. Sio nzuri sana ila ni fyuzi na waya mrefu, inavumilika. Ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya hasi ya plagi: 3.1. Haya, mwizi huyo. Upande wa hasi ukiwa na mzigo haitakiwi uzidi 0.1 hivi, hapa ni mara thelathini.

Na angalizo kabla mtu hajaenda kuunguza kitu, balbu ya wati 55 unaiweka kwenye waya wa umeme mkuu na hasi tu, waya ambao fyuzi yake inabeba. Hii ilikuwa fyuzi ya ampea 15. Usiiweke kwenye waya wa kuamsha radio na usiiguse CAN nayo hata kwa bahati mbaya, utaua boksi la watu.

Hesabu ya hapo ni ya darasani. Volti 3.1 gawa kwa ampea karibu 4 unapata kama ohm 0.8. Ile 0.6 ya mwanzo imekua kidogo ikiwa na mzigo, kiungo kibovu ndio tabia yake. Sasa zidisha ohm 0.8 kwa ampea 7, ambazo sio nyingi besi ikipiga, inakuja 5.6. Injini inaunguruma una 14.2, toa 5.6, radio inabaki na 8.6. Radio ya aina hii ikishuka chini ya 9 hivi inajizima yenyewe kujilinda, halafu inaanza kuamka upya. Kuamka kunachukua zile sekunde ishirini nilizoziona, muda wote huo haitumi ujumbe, majirani wanaita jina, kimya, wanaandika U0184. Ndio kodi yenyewe. Radio haikuwa imeharibika na mtandao haukuwa umeharibika, alikuwa anazimia kwa njaa na wenzake wanaandika hayupo. Antena ikiwa imechomekwa ile nyavu inasaidia kubeba, kwa hiyo sauti ya kawaida anaishi, besi tu ndio inamuangusha.

Swali likabaki mzigo wote huo kwenye hasi ya radio unatoka wapi, maana radio peke yake kwa sauti ya kawaida haivuti sana. Mchoro ulisema waya wa hasi wa radio unashuka hadi kwenye boliti moja pembeni ya miguu ya dereva, chini ya kapeti, na boliti hiyo inahudumia vitu viwili tu, radio na tundu la kuchajia simu. Nikanyanyua kapeti. Kwanza kulikuwa na unyevu, ule wa kugusa ukanusa kidole. Pili boliti haikuwepo. Kulikuwa na skrubu ya bati, zile za kujichimbia, imekaa upande, na chini yake kuna terminali tatu za duara badala ya mbili. Ya juu nyeusi mpya mpya inaenda chini ya kiti cha dereva, ya katikati ya tundu la simu, ya chini kabisa ya radio, na hiyo ya radio imekaa juu ya rangi ya gari, haigusi chuma. Mawasiliano yake yote na bodi ni kupitia shingo ya ile skrubu, na shingo ina kutu. Shaba ya terminali imeota ukijani, ukiukwangua kwa kucha unatoka kama unga.

Nikafuata waya mweusi. Chini ya kiti kuna amplifaya ndogo ya spika za besi, ya kufunga mtaani, mwenye gari anasema hakujua hata kama ipo, alinunua gari likiwa hivyo. Kwa hiyo aliyeifunga alitafuta hasi ya karibu, akakuta boliti, akaifungua, uzi ukaharibika, akapigilia skrubu akaondoka. Amplifaya ile haiko kwenye mtandao wowote kwa hiyo skana haiwezi kuiona wala kuitaja hata uiskani mwaka mzima. Lakini kila besi ikipiga inamwaga ampea zake kwenye skrubu ile ile, na skrubu ikilemewa hasi ya radio inapanda juu pamoja nayo. Yaani radio inauawa na jirani ambaye hayumo hata kwenye orodha. Ndio maana radio ya pili nayo ilikufa, ungefunga hata ya tano.

Niliweka pia skopu, kipimo kinachochora volti kwenye skrini, kwenye waya za mtandao kabla ya kutengeneza, hii sio lazima ila nilitaka kuona kwa macho. Kwa kawaida kwenye CAN boksi likiongea waya mmoja unapanda hadi kama 3.5 na mwingine unashuka hadi 1.5, wakinyamaza wote wanakutana 2.5. Klasta ikiongea ilikuwa hivyo hivyo. Radio ikiongea huku besi inapiga mistari yote miwili inanyanyuka juu kuliko ya wengine, kama mtu anayeongea amesimama kwenye kiti. Kwa sababu yeye anapima volti zake kutoka kwenye hasi yake, na hasi yake imepanda. CAN inavumilia hilo kwa kiasi fulani kwa vile inaangalia tofauti ya waya mbili, sio urefu wake kutoka chini, kwa hiyo ujumbe ulikuwa unasomeka mpaka pale radio yenyewe inapozima. Ukiwa na skopu na unaona boksi moja tu ndilo linaloongea kwa juu, nenda moja kwa moja kwenye hasi yake, utaokoa nusu siku.

Matengenezo yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kuandika haya. Nikaondoa skrubu, nikachimba uzi upya nikaweka boliti ya mm 6 na nati yake, nikakwangua rangi mpaka chuma cheupe kikaonekana, nikakata terminali ya radio na ya tundu la simu nikabana mpya, washa ya meno chini yake ing'ate chuma, nikakaza, halafu juu yake nikapaka grisi unyevu usirudi. Amplifaya nikaipelekea waya wake wa hasi mnene hadi kwenye boliti nyingine ya chesisi chini ya kiti, isishirikiane na mtu. Unyevu wa kapeti ulitokana na bomba la maji ya AC lililochomoka kwenye tundu lake, maji yanadondokea ndani badala ya nje, nikalirudisha. Hilo ungeliacha ungekuwa umetengeneza kwa miezi sita tu.

Balbu ile ile, plagi ile ile: juu ya balbu 12.0, upande wa hasi 0.04. Balbu nyeupe. Sikubadilisha chochote upande wa umeme.

Kuna watu watauliza, sasa ni lini radio inakuwa kweli ndio mbovu? Inakuwa. Umeme ukiwa na mzigo umefika, hasi ikiwa na mzigo imefika, waya wa kuamsha una volti zake swichi ikiwashwa, CAN zote mbili zimefika hadi kwenye plagi yenyewe ya radio na sio kwenye tundu la OBD tu, na bado radio haijibu, hapo sina neno, fungua radio. Ni hali ambayo ipo na nimeikuta. Na mara nyingine U0184 sio kitu kabisa, mtu alichomoa betri au betri iliisha chaji, kodi ikabaki kama kumbukumbu, radio inapiga, unafuta unaendelea na maisha. Gari ambalo mwenyewe kafunga radio ya kisasa ya kununua na kuondoa ya kiwandani pia litaandika hivyo siku zote kama kile kiboksi cha kutafsiri CAN hakipo au hakikusetiwa, hapo hakuna ugonjwa, aliyeitwa jina kweli hayupo. Na gari zenye mtandao wa mwanga, ule unaopita kwenye nyuzi za plastiki kwa duara, hizo ni habari nyingine, mmoja akizima kwenye duara wote wananyamaza, haya ya balbu na CAN usiyapeleke huko kichwa kichwa.

Tukarudi kwenye jaribio la mwisho. Nikafuta kodi boksi zote, nikawasha injini, AC juu, taa zote, mwenye gari mwenyewe akachagua wimbo. Akapandisha. Vioo vya milango vinatetemeka, mimi nimeshika waya wa antena. Nikauchomoa, stesheni zikapotea kama inavyotakiwa, lakini muziki wa kwenye simu ukaendelea kupiga bila kukata. Tukauacha hivyo nusu saa antena ikiwa nje, nikiangalia volti za radio kwenye skana, 13.9, 13.8 besi ikigonga, inarudi 13.9. Nikaskani tena, kodi hakuna. Nikachomeka antena, nikafunga dashibodi.

Alirudi baada ya wiki kama tatu kwa ajili ya breki pedi. Nikachomeka skana kabla hajashuka, klasta safi, bodi safi, AC safi, radio ukiiita inajibu. Ile ya mtumba bado iko nyuma kwenye mfuko ule ule, anatafuta mtu wa kumuuzia.